Herufi A Iliyochelewa

Ukimpelekea Mama Ntumba kibodi mbovu, usidhani atauliza kwanza imemwagikiwa nini. Hilo analijua. Imemwagikiwa chai, au watoto wamekula mikate juu yake, nawe umekuja kusingizia vumbi la Kolwezi. Maskini vumbi, kana kwamba halina makosa yake yenyewe ya kutosha. Ataichomeka kwenye kompyuta yake kuukuu pale kibandani karibu na soko, kisha kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kitapanda kwenye A. Atatulia kidogo, atabonyeza, na A ikitokea kwenye skrini atasema kwa sauti ya chini, "Aksanti, Gode." Ndipo atakutazama na kukuuliza shida yako.

Wateja wapya hudhani Gode ni mtakatifu wa vyombo vya umeme. Basi wajue leo: Godelieve hakuwa mtakatifu. Alikuwa na mdomo mkali, alipenda ugomvi wa sokoni, na kwaya ya parokia ilimfukuza na kumrudisha mara nyingi mpaka mwishowe wakachoka kumfukuza. Lakini Ntumba akimshukuru Mungu asubuhi, jina la pili kinywani mwake ni hilo.

Wote wawili walizaliwa Kolwezi, mji wa migodi wa jimbo la Katanga, Kongo, katika kambi moja ya wafanyakazi wa mgodi, wakateka maji bomba moja. Babu yake Ntumba aliletwa na Wazungu kutoka jimbo la Kasai kuja kuchimba shaba. Wazazi wa Godelieve walitoka kaskazini ya Katanga, nao wakaja kwa treni ile ile na kazi ile ile. Ntumba hakuwahi kuiona Kasai. Aliijua kwa nyimbo za matanga tu, na hata hizo alikuwa akiuliza maana ya maneno.

Walipomaliza shule walipelekwa kwa masista, kama wasichana wengi wa kambi, kujifunza kushona, kupika keki na kupiga mashine ya kuandika. Mwalimu alikuwa sista mmoja, Mamère Alfonsa, mwanamke mwembamba aliyewafunga wanafunzi wake kitambaa shingoni, upande wa pili ukafungwa kwenye mashine, ili mikono ifichike na macho yasisaidie vidole. Vidole vinne vya kushoto vilikaa juu ya Q, S, D, F. Vinne vya kulia vilikaa juu ya J, K, L, M. Hapo ndipo nyumbani kwa vidole, alisema Mamère. Kidole kinatoka, kinafanya kazi yake, kinarudi. Zoezi la kwanza lilikuwa hizo herufi nane, kabla ya neno lolote lenye maana, asubuhi nzima, mpaka wasichana wakaziota.

Mashine zile zilikuwa na kiburi cha chuma. Ukibonyeza herufi, mkono mwembamba uliinuka kugonga karatasi. Ikiinuka miwili pamoja, ilishikana na kugoma. Kwa hiyo Mamère alitaka darasa lote liende kwa mdundo mmoja, na mdundo aliupiga mwenyewe kwa kijiko juu ya mfuniko wa sufuria. Tak, tak, tak, chumba kizima kikiandika sentensi moja.

Shida ilikuwa A. Kwenye mashine za Kifaransa A inakaa juu ya Q, na ni kidole kidogo cha kushoto kinachopanda kuifuata. Godelieve alikuwa na nusu ya kidole hicho. Nusu nyingine iliishia kwenye kinu akiwa mtoto, siku dada yake alipokuwa akitwanga muhogo na yeye akachungulia kwa mkono. Ilimbidi ainue mkono mzima, apeleke kidole cha jirani, kisha arudi nyumbani. A yake ilichelewa daima. Na Kiswahili hakina huruma: neno gani halina A? Darasa lote lilikwisha kufika, kisha ikasikika tak moja ya peke yake, na wasichana wakacheka chini ya pumzi.

"Godelieve," Mamère alisema, "tunakungoja."

Siku ya mtihani waliandika wote kwa pamoja. Neno la kwanza lenye A likafika, na mara hii zikasikika tak mbili zilizochelewa, zikitembea bega kwa bega. Ntumba alikuwa ameamua. Kila A aliisubiri, akaibonyeza pamoja na mwenzake, akajua anajiharibia alama. Mamère aliinua kichwa, akasikiliza. Kisha mfuniko nao ukaanza kungoja kwenye A, na hakuna msichana aliyecheka tena.

Walipotoka nje Godelieve alikuwa amekasirika, maana ndivyo alivyokuwa akionyesha mambo yote, hata furaha.

"Juu ya nini ulichelewa? We uko na bidole yote."

"Mi sipendi kufika peke yangu," Ntumba alisema.

Hiyo ndiyo siku urafiki wao ulipofungwa, na haukufunguliwa tena.

Waliajiriwa pamoja katika ofisi ya kompyuta ya mgodi, miaka ambayo Kampuni bado ilikuwa baba na mama wa kila mtu. Kazi yao ilikuwa kuingiza majina ya wafanyakazi kwenye mashine mpya zisizogonga kitu. Ntumba alizichukia mwanzoni. Vitufe vilikuwa laini, kama mtu anayekuitikia bila kukusikiliza. Mpaka siku moja fundi wa ofisi, Tata (yaani Baba) Séraphin, mzee mpole asiyeweza kuona parafujo bila kuifungua, akafungua kibodi mbele yao juu ya meza.

"Angalieni," alisema. "Hii clavier haijue A, haijue B. Inajua avenue na numéro tu, barabara na namba ya nyumba."

Chini ya vitufe kulikuwa na njia nyembamba za shaba, shaba ile ile ya nchi yao. Nyingine zilikwenda wima, nyingine zilikatiza, kama barabara za kambi. Kila kitufe kilisimama kwenye njia panda, lakini njia zake mbili hazikugusana. Ukibonyeza, kipande cheusi cha kaboni kilichobandikwa chini ya mpira kinashuka na kuzigusanisha. Na kuna kidude kimoja, alisema Tata Séraphin, kazi yake ni ya sentinelle, yaani mlinzi: kinazunguka kila njia panda bila kusinzia na kuuliza, kuna mtu hapa? Kikimkuta mtu, kinapeleka namba ya njia panda kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayosema, aa, hapo anakaa A.

"Na inapeleka saa ile ile unafinya," aliongeza. "Ukifinya pole, inapeleka pole. Haikusaidie, haikucheleweshe."

"Basi itapeleka na kidole yangu yenye kukatika," Godelieve alisema.

"Itapeleka yote, mama."

Aliwaonyesha pia namna ya kuponya kitufe kilichokufa. Vinavyokufa kwanza ni vile vinavyotumika sana, maana kaboni inalika. Unachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, unakata kipande kidogo kama punje ya dengu, unakibandika kwenye mpira kwa gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli. Kwisha. Ntumba alikuwa na mikono ya kazi hiyo kuliko Godelieve, na baada ya muda hata Tata Séraphin alimwachia.

Ntumba aliolewa na Kanyinda, fundi wa karakana ya mgodi huko Mutoshi, mwanamume wa maneno machache, mwenye watu wake Kasai kama yeye. Walipopata msichana wao wa kwanza, Ntumba alimpa jina la rafiki yake. Godelieve jina lake la nyumbani lilikuwa Nkulu. Basi mtoto akawa Nkulu. Wakwe walinung'unika. Mtoto wa watu wa Kasai kubeba jina la watu wa Katanga? Lakini jina la rafiki haliombewi ruhusa. Tangu siku hiyo Godelieve hakumwita mtoto kwa jina. Alimwita "majina", kama wanavyoitana watu wa huko wenye jina moja, na kila Noeli alimshonea gauni la kitenge kile kile alichovaa mwenyewe. Mtu akimgusa Nkulu, amemgusa Godelieve, na Godelieve hakuna aliyetaka kumgusa.

Nkulu alipoanza kuuliza mama anafanya nini huko ofisini, Ntumba alichukua kipande cha katoni ya maziwa akamchorea kibodi kwa kalamu nyeusi, vitufe vyote mahali pake. Mtoto alikaa nacho kizingitini, akakunja uso kama mtu mzima mwenye mshahara, akaweka vidole. Q, S, D, F. J, K, L, M. Akimaliza alimtazama mama yake.

"Tena," Ntumba alisema, huku akichambua mboga.

Na mtoto akaanza tena.

Kisha mambo yakaenda mrama. Mgodi mkubwa wa chini uliporomoka. Mishahara ikawa hadithi. Mfuko wa unga ambao Kampuni iliwapa wafanyakazi wake ukawa nusu mfuko, kisha ukawa ahadi. Maduka yakaporwa. Mtu mwenye njaa anaweza kuvumilia mengi. Lakini mwonyeshe jirani, mwambie ni huyu aliyekula chakula chako, na utaona. Watu walioazimana chumvi miaka yote wakaanza kuulizana babu zao walitoka wapi. Wenye asili ya Kasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu, na waliosema hivyo walisema mchana kweupe, wamevaa nguo za ibada. Vijana wakapita mtaa kwa mtaa wakiwa na mapanga: kila mtu kwao. Na kwao Ntumba kulikuwa wapi, kama si kambini pale?

Walitoka nyumbani na walichoweza kubeba, wakaingia kwenye uwanja wa stesheni pamoja na maelfu ya wenzao, kungoja treni ya kwenda Kasai. Mvua ilikuwa ya msimu wake, haikuwahurumia. Ntumba alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, Badibanga, bado ananyonya. Na Nkulu, aliyekuwa na miaka sita, alishikwa na surua. Ilikuwa imeingia stesheni na kuwapitia watoto mmoja mmoja kama moto wa majani. Kila asubuhi palikuwa na mama anayelia upande fulani wa uwanja. Treni ilipokuja hatimaye, ilikuwa mabehewa ya mizigo yasiyo na paa.

Godelieve aliwatafuta katikati ya umati na beseni la muhogo wa kuchemsha kichwani. Aliweka beseni chini, akaweka mkono kwenye paji la uso wa Nkulu, na uso wake mwenyewe ukabadilika.

"Mupatie mi," alisema. "Mu ile wagon, na hii mvula, atakufa kabla mufike hata stesheni ya Kamina."

"Mutoto haachwe," Kanyinda alisema.

"Mi haiko mutu mwengine, tata. Niko majina yake."

"Bakimukuta kwako batamuua. Na we pamoya naye."

"Batamuuliza jina," Godelieve alisema. "Atasema Nkulu. Haiko jina yake?"

Kanyinda alimtazama mkewe, na macho yake yalisema usithubutu. Ntumba alimsikia Badibanga akihangaika mgongoni, aliyekuwa bado hajashikwa na ugonjwa. Alimsikia Nkulu akipumua, ile pumzi fupi yenye sauti. Mwanamke hapaswi kupewa uchaguzi kama huo, na laana iwe juu ya waliompa. Alimwinua Nkulu, akamweka mikononi mwa Godelieve, akachomeka kile kipande cha katoni chini ya kanga iliyomfunika mtoto, kwa sababu mikono yake ilitaka kumpa kitu na hakuwa na kingine. Kama aliaga, hakumbuki.

Wapo waliofariki katika treni ile. Badibanga aliishi. Waliteremka Mwene-Ditu, Kasai, nchi ya kwao ambayo hawakuijua, wakajenga kibanda cha nyasi na plastiki karibu na misheni. Watu wa pale waliwapokea kwa kadiri walivyoweza. Wakagawa muhogo, wakagawa hata nguo, nao walikuwa hawana mbele wala nyuma. Ntumba huwashukuru mpaka leo, na yule bibi aliyemfundisha kuomba maji kwa Tshiluba bila kuchekesha kisima kizima. Lakini usiku na mchana alikuwa na swali moja tu: Nkulu yu hai? Barua hazikwenda. Simu hazikuwapo. Kanyinda aliacha kusema naye. Hakumlaumu kwa mdomo, na ingekuwa heri amlaumu. Alikaa amempa mgongo, akitengeneza majembe ya watu.

Siku moja ikaja habari kwamba misheni inatafuta mtu anayejua kuandika kwa mashine. Padri Omer, paroko, alikuwa na chumba kidogo chenye redio ya mawasiliano, ile watu wanayoita phonie, iliyounganishwa kwa kisanduku na kompyuta. Kisanduku kiligeuza herufi kuwa sauti, redio ikazipeleka angani, na parokia nyingine yenye kisanduku kama hicho ikazigeuza kuwa herufi tena. Ulichoandika hapa kilitokea kule wakati ule ule, herufi kwa herufi, kadiri ulivyobonyeza. Parokia moja ya Kolwezi ilikuwa nacho.

Ntumba alisikia neno Kolwezi, akaisogelea kibodi.

"Lakini clavier imekufa nusu," Padri Omer alisema. Alikuwa mtu mnene, mwenye huruma nyingi, aliyeandika kwa vidole viwili. "A haitoki kabisa. E inatoka ikipenda. Watu wa kule wanadhani nimeng'oka meno."

Ntumba aliomba kisu cha jikoni, gundi ya baiskeli, na pakiti ya sigara. Kisu na gundi vilipatikana. Sigara haikupatikana, maana katika misheni hakuna aliyevuta. Hatimaye katekista, aliyekuwa ameapa mbele ya parokia nzima kwamba ameacha, akatoa pakiti kwenye soksi bila kumtazama mtu. Ntumba alifungua kibodi, akafuta uchafu, akaziona zile njia za shaba na akajisikia kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Alikata vipande vya karatasi ya fedha, akabandika, akafunga. A ikatoka. E ikatoka bila kubembelezwa.

"Mama, hii ni kazi ya Mungu," Padri Omer alisema.

"Ni karatasi ya sigara, tata padri," Ntumba alisema, na katekista akaondoka.

Tangu siku hiyo kiti kilikuwa chake. Alituma majina ya watu waliotafutana, na kwa adabu aliwatanguliza wengine, kisha akaandika la kwake: mtoto Nkulu, kwa Mama Godelieve, wa kambi. Kesho yake alikuta Padri Omer amepokea jibu mwenyewe asubuhi, amelinakili kwenye karatasi: mtoto yuko salama.

Ntumba alilisoma na hakufurahi. Hakuzaliwa jana. Wiki hiyo hiyo alikuwa amemsikia Padri Omer akimwambia mama mmoja, aliyekuwa hali chakula, kwamba mumewe yuko salama na yuko njiani, ilhali hakuna jibu lolote lililokuja. Ulikuwa uongo wa huruma, na yule mama alikula.

"Tata padri," alimwuliza, "hii maneno ilitoka Kolwezi, ao ilitoka mu roho yenu?"

"Ilitoka Kolwezi, mama."

Alisema kweli. Lakini aliyekwisha kudanganya kwa wema, hata ukweli wake unaupima mara mbili. Na isitoshe, padri wa Kolwezi naye angeweza kuwa na huruma kama huyu. Kisha mtu mmoja aitwaye Mbuyu akafika na treni iliyofuata, akasimulia kwamba nyumba kadhaa za mtaa wa Godelieve zimechomwa, hajui zipi. Kanyinda alisikia. Aliweka jembe chini, akatoka nje ya kibanda, akarudi jioni macho mekundu. Ntumba alipomwekea chakula hakukigusa.

Ilikuwa alasiri ya mvua ya radi. Redio ilikuwa ikikoroma, na kila radi ilipopiga mbali, skrini ilitema herufi ovyo, maana kisanduku hakijui kutofautisha mtu na mbingu. Padri wa Kolwezi alikuwa ameandika habari zake kama kuku anayedonoa, akamaliza. Ntumba alikuwa tayari kunyanyuka. Ndipo herufi zikaanza kuja kwa namna nyingine, kwa mdundo, bila haraka, kama mtu aliyefundishwa kwa mfuniko wa sufuria.

NTUMB

Kisha hakuna kitu.

Kisha A.

Ntumba aliketi tena polepole.

NI MI GODELIEVE, ziliendelea, laini kabisa, kwa kuwa hapo hapana A ya kumzuia. Kisha MUTOTO. Kisha kimya kidogo, mkono mzima ukiinuka, upande wa pili wa nchi. A. LIPON. Kimya. A.

Mutoto alipona.

"Ni yeye," Ntumba alisema. Machozi yalikuwa yakishuka na hakuyafuta, mikono ilikuwa kwenye vitufe.

"Ndiyo, ameandika jina lake," Padri Omer alisema.

"Jina, mutu yote anaweza kuandika, tata padri. Angalia A. Hii A ni yake."

Akakaa akizingoja, moja moja, kama alivyozingoja akiwa msichana. BALIKUYA KUULIZA JINA, Godelieve aliandika. ALISEMA NKULU. BALIENDA. Sentensi fupi, lakini zilijaa A, na kila A Ntumba aliihisi kwenye kidole chake mwenyewe. Hakujua alikuwa akitikisa kichwa kwa mdundo. Zamu yake ilipofika aliandika: EKO WAPI.

EKO HAPA, jibu lilikuja. NGOJA.

Radi ikapiga. Skrini ikatema ZWKX na takataka nyingine, kisha ikanyamaza. Padri Omer alitazama dari, akatazama waya wa antena. Mvua iliongezeka juu ya mabati. Ntumba hakusogea. Halafu herufi moja ikatokea, peke yake.

Q

Ikakaa muda mrefu hivi, kisha zikafuata nyingine, kila moja kwa shida yake.

S D F

Na baada ya kimya kingine:

J K L M

"Radi tena," Padri Omer alisema, akanyoosha mkono kwenye swichi. "Tuzime, mama, kabla mashine yote iungue."

Ntumba alimshika padri kifundo cha mkono. Jambo hilo halifanywi, na kwa siku nyingine angeona aibu mpaka kaburini.

"Musizime, tata padri. Ni mutoto yangu."

Hakungoja aulizwe. Alifungua dirisha akamwita mumewe kwa sauti ambayo misheni nzima iliisikia. Kanyinda alikuja mbio kutoka ukumbini, ambako wanaume walikuwa wakijikinga na mvua, akasimama mlangoni akichuruzika maji, kwa uso wa mtu anayejua anaitwa kupewa msiba. Alizitazama herufi. Hazikuwa neno la lugha yoyote aliyoijua.

"Ni nini?" Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake kwa muda mrefu.

"Ni Nkulu," Ntumba alisema. "Eko nafanya leçon yake. Ile ya katoni."

Kanyinda alimkumbuka mtoto kizingitini na uso wake wa mwenye mshahara. Alichuchumaa pale pale, akaficha uso kwenye goti la mkewe, akalia, na Padri Omer akageuka kuitazama mvua.

Ntumba alirudisha vidole nyumbani. Aliandika T, E, N, kisha akangoja kidogo, akaandika A. Kule Kolwezi mtu alimsomea mtoto. Zoezi likarudi, safari hii haraka zaidi, na bila kosa hata moja.

Kiangazi kilipoingia, Godelieve alimleta Nkulu mwenyewe. Mwanamke wa Katanga kupanda treni kwenda Kasai mwaka ule, watu walimwona amerukwa na akili. Alisema tu kwamba majina yake hasafirishwi kama kifurushi. Mtoto alishuka amevaa gauni la kitenge cha Godelieve, amekua, na kile kipande cha katoni chini ya kwapa, kimechakaa mpaka herufi hazionekani. Alimtazama mama yake kwanza kwa mashaka, kisha akaja. Ntumba alipomaliza kumshika, kumnusa na kumshika tena, alipiga magoti pale stesheni mbele ya rafiki yake.

"Simama," Godelieve alisema. "Utachafula kikwembe, na sabuni haiko."

Ntumba alirudi Kolwezi baada ya miaka mingi, hali ilipotulia, akafungua kibanda chake. Godelieve alimtafutia wateja kwa mdomo wake ule ule, mpaka alipolala katika makaburi ya kambi, na Nkulu ndiye aliyemfumba macho. Leo Nkulu anaandika kwa simu, kwa vidole gumba viwili, jambo ambalo Mamère Alfonsa angelitubia. Na Ntumba, kila kibodi inayofika mezani pake, kidole chake kidogo hupanda kwenye A na kutulia hapo kabla ya kubonyeza. Mteja mwenye haraka na avumilie. Mama anamngoja mwenzake afike.